Sikio la Mtoto Linasikia Dawa: Yale Ambayo Utafiti Umetufundisha Kuhusu Usaha wa Masikioni

Katika Ibada ya Ubatizo wa watoto wadogo liko tendo fupi ambalo waamini wengi hulipita bila kulitafakari. Padre huyagusa masikio na kinywa cha mtoto, akimwomba Bwana aliyewafungua viziwi na bubu amjalie mtoto huyo kulisikia Neno na kuiungama imani. Tendo hilo huitwa Efatha, neno ambalo Mwinjili Marko amelihifadhi katika lugha ileile iliyotoka kinywani mwa Yesu (rej. Mk 7:31-37). Kwa Kanisa, sikio si kiungo cha pembeni. Ni mlango ambao mafundisho hupitia, na mlango huo una ngozi nyembamba na vifupa vidogo vinavyoweza kuugua.

Tunaanza hapo kwa sababu miaka michache baada ya Ubatizo mtoto yuleyule huja kigangoni kujiandaa kwa Komunyo ya Kwanza, na katekista hutuarifu kwamba ni mkaidi, au kwamba akili yake ni nzito. Akiulizwa swali hujibu jingine. Akiitwa kwa nyuma hageuki. Mwalimu wake shuleni husema hivyohivyo. Watu wazima hulifunga shauri kwa methali, kwamba sikio la kufa halisikii dawa. Kumbe mara nyingine ukimsogelea mtoto huyo unakuta upande mmoja wa kichwa una harufu, na chini ya sikio pana ukoko mkavu wa usaha. Mama akiulizwa hujibu kwa utulivu: limekuwa hivyo tangu alipoanza kutembea, ni masikio ya utoto, yatakwisha yenyewe.

Katika makala hii tunapenda kueleza kwa nini hayapaswi kuachwa yaishe yenyewe, na jinsi ilivyojulikana kwamba yanatibika. Sehemu hii ya pili husahaulika, nayo ndiyo inayogusa dhamiri zetu, kwa kuwa ujuzi huo ulipatikana kwa watoto wa shule na wazazi waliokubali kushiriki katika utafiti.

Ugonjwa wenyewe

Nyuma ya kiwambo cha sikio, ambacho wengi hukiita ngoma ya sikio, kuna chumba kidogo chenye hewa. Chumba hicho kimeunganishwa na sehemu ya nyuma ya pua na koo kwa mrija mwembamba. Kwa mtu mzima mrija huo umeinama, lakini kwa mtoto ni mfupi na umelala, hivyo mafua na maambukizi ya koo hupanda kwa urahisi hadi sikioni. Usaha hujaa chumbani, mtoto hulia usiku kwa maumivu, kisha kiwambo hupasuka na usaha kutoka nje. Maumivu hupungua mara moja. Hapo ndipo familia nyingi hudhani kwamba ugonjwa umekwisha, kumbe tundu limebaki wazi, na kila maji yanapoingia au mafua yanaporudi, usaha huanza upya.

Usaha ukiendelea kutoka kwa majuma mawili au zaidi, Shirika la Afya Duniani huuhesabu kuwa ugonjwa sugu. Katika taarifa yake ya mwaka 2004 Shirika hilo lilikadiria kwamba watu kati ya milioni 65 na milioni 330 ulimwenguni wana masikio yanayotoa usaha, na kwamba asilimia 60 kati yao wamepungukiwa na usikivu kwa kiasi kikubwa. Wataalamu wake walikwisha kuweka kipimo: mahali ambapo zaidi ya watoto 4 kati ya 100 wana ugonjwa huu, hilo ni janga la afya ya jamii linalodai hatua za haraka. Tanzania ilitajwa katika kundi hilo. Utafiti uliochapishwa mwaka 1996 kuhusu wanafunzi wa shule za msingi katika mkoa wa Dar es Salaam ulikuta usaha sugu kwa takribani watoto 9 kati ya 100 wa shule za vijijini, na kwa mtoto 1 hivi kati ya 100 wa shule za mjini. Tofauti hiyo ya mji na kijiji ndani ya mkoa mmoja inatosha kutukumbusha kwamba ugonjwa huu humfuata maskini: nyumba yenye moshi na msongamano, chakula duni, zahanati iliyo mbali.

Hatari yake haiishii kwenye usikivu. Maambukizi yanaweza kupenya hadi katika mfupa ulio nyuma ya sikio, na kutoka hapo hadi kwenye ubongo. Ni nadra, lakini hutokea, na watoto hufa.

Watoto wa Kiambu

Kwa miaka mingi watoa huduma walishauri kwamba sikio lenye usaha likaushwe kwa utambi: kitambaa safi cha pamba au karatasi laini inayonyonya husokotwa, huingizwa taratibu sikioni, hutolewa ikiwa imelowa, na kurudiwa hadi itoke kavu. Haihitaji dawa wala fedha. Mama anaweza kuifanya nyumbani mwenyewe. Swali likawa kama inaponya.

Mwaka 1996 jarida la kitabibu la The Lancet la Uingereza lilichapisha matokeo ya utafiti uliofanyika Kiambu, jirani na Nairobi, nchini Kenya. Watafiti walipita katika shule za msingi 145 na kupata watoto 524 wa umri wa miaka 5 hadi 15 wenye usaha sugu masikioni. Waliwagawa katika makundi matatu. Watoto 201 walikaushwa masikio kwa utambi peke yake. Watoto 221 walikaushwa kwa utambi na kupewa dawa za kuua bakteria, za kudondosha sikioni na za kumeza, pamoja na dawa ya kutuliza uvimbe. Watoto 102 hawakupewa tiba yoyote maalumu. Baada ya majuma 16 masikio yalichunguzwa.

Katika kundi lililopata utambi pamoja na dawa, usaha ulikuwa umekauka kwa watoto 51 kati ya kila 100. Katika kundi la utambi peke yake walikuwa 22 kati ya 100. Katika kundi lisilotibiwa walikuwa 22 kati ya 100.

Msomaji azitazame vizuri hizo 22 mbili. Jitihada ya kulikausha sikio kwa utambi peke yake, bila dawa, ilileta matokeo yaleyale ya kuacha sikio kama lilivyo. Hakuna busara ya wazee wala uzoefu wa mganga au wa daktari ambao ungeweza kuligundua jambo hilo, kwa sababu watoto 22 kati ya 100 walipona kweli baada ya kukaushwa, na kila mama wa mtoto huyo angeshuhudia kwa moyo mweupe kwamba utambi umemponya mwanawe. Ushuhuda wake ni wa kweli, ila sababu anayoitaja siyo. Ili kulijua hilo ilibidi kuwe na kundi la pili la kulinganisha.

Hatusemi utambi utupwe. Matone ya dawa hayafiki ndani ya sikio lililojaa usaha, kwa hiyo utambi hutangulia kusafisha njia, kisha dawa hufuata. Kosa ni kuishia kwenye utambi.

Swali lililofuata lilikuwa ni dawa ipi. Mwaka 2005 yalichapishwa matokeo ya utafiti mwingine, pia kutoka Kenya. Watoto 39,841 wa shule 141 walichunguzwa masikio, na 427 wenye usaha sugu wakaingizwa katika utafiti. Kura iliamua nani apate matone ya siprofloksasini na nani apate matone ya asidi ya boriki iliyochanganywa na alkoholi, dawa ya zamani na ya bei nafuu. Namna ya kutibu ilitupendeza: watoto wenyewe walifundishwa kutibiana shuleni, mtoto kwa mtoto, mara mbili kwa siku kwa majuma mawili. Mwishoni mwa majuma hayo usaha ulikuwa umekauka kwa watoto 59 kati ya 100 waliotumia siprofloksasini, na 32 kati ya 100 waliotumia asidi ya boriki. Waliopata siprofloksasini walisikia vizuri zaidi, na wachache zaidi miongoni mwao walilalamikia maumivu na muwasho. Leo mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa kuwahudumia watoto wagonjwa unaagiza utambi pamoja na matone ya jamii hiyo ya dawa kwa majuma mawili, kwa mtoto ambaye sikio lake limetoa usaha kwa siku 14 au zaidi.

Kura na haki

Waamini wa Muleba hawahitaji kuelezwa kwa mbali maana ya utafiti wa kura. Kuanzia mwaka 2014 maeneo 48 ya wilaya yao yaligawanywa kwa kura katika utafiti wa malaria, mengine yakipata vyandarua vya kawaida, mengine vyandarua vilivyoongezewa kemikali ya PBO inayovunja usugu wa mbu, na baadhi yakipuliziwa dawa ukutani. Watoto wa maeneo yaliyopata vyandarua vipya walionekana kuwa na malaria kidogo zaidi. Mwaka 2017, kwa kutegemea ushahidi uliotoka katika migomba ya Muleba, Shirika la Afya Duniani lilipendekeza vyandarua hivyo, na leo vinatumika katika nchi nyingi za Afrika. Tunalitaja jambo hili kwa fahari kidogo, na tunaamini fahari hiyo ni halali.

Hata hivyo, tunajua pia minong'ono inayozunguka watafiti wanapofika kijijini. Damu inapelekwa wapi? Kwa nini jirani apewe na mimi ninyimwe? Kumbukumbu ya mumiani haijafutika katika Afrika ya Mashariki, na haikuzaliwa bure: watu wetu wamewahi kupimwa na kuhesabiwa na wageni wasioeleza chochote. Mwenye kuuliza asidharauliwe.

Kuhusu kura, jibu ni hili. Mtafiti akichagua mwenyewe, atawapa dawa mpya watoto wenye wazazi makini, au wale walio wagonjwa zaidi, au watoto wa ndugu zake. Mwisho wa utafiti hatajua kama ni dawa iliyoponya au ni uangalizi wa wazazi. Kura huondoa mkono wa upendeleo. Mitume walipomtafuta atakayechukua nafasi ya Yuda walipiga kura kati ya watu wawili waliostahili wote, ikamwangukia Mathia. Nasi katika utafiti tunapiga kura kwa haki pale tu ambapo, kwa ujuzi wa wakati huo, hakuna anayejua kwa hakika ni upande upi ulio bora.

Sharti hilo ndilo linalotufanya tuwatazame kwa makini wale watoto 102 wa Kiambu wasiotibiwa. Je, ilikuwa haki? Kwa maoni yetu, ilitetewa kwa wakati wake, kwa sababu thamani ya utambi peke yake ilikuwa haijathibitishwa, na kama kundi hilo lisingekuwapo mamilioni ya mama wangeendelea kuagizwa kazi isiyo na faida. Lakini mtu akitaka leo kurudia utafiti huohuo, na kuwaacha watoto na usaha ilhali jibu linajulikana, atakuwa anatenda dhambi hata kama wazazi wote wametia sahihi. Papa Pius XII aliwaambia madaktari mwezi Septemba 1952, miaka 12 kabla ya Tamko la Helsinki la Chama cha Madaktari Duniani, kwamba maendeleo ya sayansi hayafuti mipaka ya haki za mtu. Katekisimu ya Kanisa Katoliki (na. 2295) inafundisha kwamba ridhaa ya mhusika haihalalishi kitendo kinachopingana na hadhi ya mwanadamu, wala hatari isiyolingana na faida inayotafutwa, na kwamba ridhaa yenyewe lazima itolewe na mtu aliyeelewa, au na wale wanaosimama badala yake.

Aliyeelewa: hapo pana kasoro kubwa. Fomu za ridhaa huja zikiwa na kurasa nyingi, katika Kiswahili ambacho hakuna anayekizungumza, na mama aliyembeba mtoto mgongoni huona aibu kuuliza. Huweka dole gumba, akaondoka. Tungependa katika kila jumuiya ndogo ndogo awepo mtu mmoja, mwalimu au katekista au muuguzi mstaafu, wa kuisoma fomu pamoja na mzazi na kumsaidia kuuliza. Utafiti huu una kibali cha NIMR, yaani Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu? Kama ni wa dawa, Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba inaujua? Mtoto wangu atafanyiwa nini, na asiposhiriki atapata tiba gani? Ninaweza kumtoa katikati bila kunyimwa huduma? Akidhurika nani atawajibika? Mtafiti mwema hufurahia maswali hayo. Anayeyakasirikia, mzazi amrudishie karatasi yake.

Nyumbani na kituoni

Mzazi ambaye mtoto wake ana sikio linalotoa usaha ampeleke zahanati au kituo cha afya mapema, hata kama mtoto haumwi. Usaha ulioanza chini ya majuma mawili hutibiwa kwa namna moja, na ule sugu kwa namna nyingine, kwa hiyo mzazi aeleze bila kuficha umeanza lini. Akiona uvimbe unaouma nyuma ya sikio, au homa kali, shingo kukakamaa, kutapika, degedege, au uso kupinda upande mmoja, asingoje kesho. Aende hospitali siku hiyohiyo, iwe Rubya, Kagondo, Ndolage au Hospitali ya Rufaa ya Mkoa mjini Bukoba.

Kitu chochote kisidondoshwe sikioni bila kuagizwa. Tunajua wapo wanaotia maji ya majani yaliyokamuliwa, mafuta ya kupikia, hata maziwa ya mama. Kiwambo kikiwa kimetoboka, vyote hivyo huingia moja kwa moja katika chumba cha ndani na kuwalisha bakteria. Hata dawa za duka la dawa si salama zote: baadhi ya matone, kama yale ya jentamisini, yanaweza kudhuru sehemu ya ndani ya sikio yakipitia katika tundu la kiwambo, na kuondoa usikivu ambao ugonjwa wenyewe ulikuwa haujauondoa. Anayenunua kwa jina aliloambiwa na jirani anabahatisha. Vijiti vya pamba, njiti za kiberiti na manyoya ya kuku viachwe. Kwa watoto wa mwambao wa ziwa neno hili litakuwa gumu: wakati sikio linatoa usaha, mtoto asiogelee wala kupiga mbizi, na anapooga maji yazuiwe yasiingie sikioni.

Kinga ni ya kawaida, na hupuuzwa kwa sababu hiyohiyo. Mtoto anyonyeshwe maziwa ya mama. Anayetumia chupa asinyweshwe akiwa amelala chali. Apate chanjo zote, ikiwemo ile ya nimokoki, inayotolewa nchini tangu mwaka 2013 na kukinga dhidi ya bakteria mojawapo anayesababisha nimonia na maambukizi ya sikio. Moshi wa jikoni upunguzwe. Na mtoto mwenye usaha usiokoma licha ya tiba apimwe pia Virusi vya UKIMWI, bila kunyanyapaliwa, kwa kuwa kinga ya mwili iliyodhoofika hulifanya sikio kuugua mara kwa mara.

Lipo jambo ambalo tafiti hizo mbili hazikulitatua, nasi hatupaswi kuwaficha wazazi. Kukauka usaha si sawa na kuziba tundu. Kule Kiambu, baada ya majuma 16, kiwambo kilikuwa kimefunga kwa watoto 15 kati ya 100 waliopata dawa, na 13 kati ya 100 katika makundi mengine mawili, tofauti ambayo haina uzito. Utafiti wa mwaka 2005 nao haukuona tofauti katika kufunga kwa kiwambo. Maana yake ni kwamba wengi hubaki na tundu na usaha unaweza kurudi, hivyo mtoto arudishwe kituoni kwa uchunguzi hata baada ya matone kwisha. Tundu lisilofunga huweza kuzibwa kwa upasuaji wa mtaalamu wa masikio, pua na koo. Kwa Kanda ya Ziwa njia ya rufaa huelekea Hospitali ya Bugando jijini Mwanza, ambayo ni mali ya Baraza la Maaskofu Katoliki Tanzania, na ambako pia tafiti za usaha sugu wa masikio zimefanyika. Safari ni ndefu na nauli ni mzigo, na familia nyingi zitasubiri miaka.

Katika kusubiri huko mtoto anaendelea kwenda shule na katika mafundisho. Mwalimu na katekista wamkalishe benchi la mbele, sikio lake lililo zima likielekea kwao, na waseme nao uso kwa uso badala ya kusema huku wakiandika ubaoni.